Barua ya wazi: Mheshimiwa, turudishie mnara wetu

Mheshimiwa, shikamoo na pole na majukumu. Naandika hadharani maana kila nikija ofisini naambiwa faili linashughulikiwa.

Wiki iliyopita greda la mkandarasi limepita njia panda kijijini kwetu huku Missenyi likaung'oa mnara. Ni mnara mdogo wa zege, wanakijiji walichanga wenyewe, una majina ya vijana wetu waliokufa vita ya Kagera, la marehemu baba likiwemo. Vipande viko mtaroni, watoto wanavikanyaga wakienda shule. Nahisi kwenye ramani ya barabara haukuchorwa kabisa, au uliandikwa kama kibanda tu, ila hakuna hata mmoja aliyekuja kutupa taarifa.

Mheshimiwa, sisi ndio tuliovamiwa. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia huku, wakaua watu, wakaswaga ng'ombe, Novemba wakalipua na daraja la Kyaka, wazee wakakimbia wakaacha kila kitu. Mwalimu aliposema uwezo wa kumpiga tunao, uwezo wenyewe ulikuwa wanajeshi na mgambo, watu kama baba aliyeondoka akamwacha mama na mimba yangu tumboni.

Baba kazikwa Kaboya, Muleba, pamoja na wenzake, na kwa hilo tunashukuru. Lakini mama kazeeka, miguu haimfikishi Muleba tena. Yeye alikuwa anaenda pale njia panda, anaweka maua, anapapasa herufi kwa vidole, maana kusoma hajui ila anajua jina la mumewe ni la tatu kutoka juu. Juzi kaniuliza, baba yako wamempeleka wapi? Nimekosa jibu, na wewe ndiye unayetakiwa kumjibu.

Ulisimama pale pale Siku ya Mashujaa, 25 Julai, ukasema mnara utajengewa uzio, tukakupigia makofi. Uzio haukujengwa. Ungekuwepo, dereva wa greda angeuona!

Sidai fidia, sidai posho. Nadai mnara. Orodha ya majina tunayo, fundi tunaye, saruji tutachanga tena kama walivyochanga wazee wetu, kinachokosekana ni kibali chako cha sehemu ya kuusimamisha. Wanasema lami inaanza kumwagwa mwezi ujao. Naomba usaini hicho kibali kabla ya lami, Mheshimiwa, naomba usaini.