Barua ya malalamiko: lipu ya nyumba yangu Kibada inabanduka

Kibada, Kigamboni,
Dar es Salaam.
12 Juni 2024

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Ujenzi na Umaliziaji wa Nyumba,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: LIPU ILIYOBANDUKA, MIFUKO YA SARUJI ISIYOONEKANA, NA DENI LA SH. 931,728

Nimepokea ujumbe wa ofisi yako unaonikumbusha kuwa nadaiwa shilingi 931,728, yaani asilimia 30 iliyobaki ya kazi ya lipu ya ndani na nje ya nyumba yangu mliyoifanya mwezi Februari. Fedha hiyo sitailipa kwa sasa. Sababu nazieleza humu, na nakuomba uzisome mwenyewe, usimkabidhi msimamizi wa eneo letu. Yeye nimeshamweleza kwa mdomo na kwa WhatsApp tangu mwezi Machi, na majibu yake nitayafikia.

Nianze na ukuta wa nje wa magharibi, ule unaopigwa na jua la mchana. Mtu yeyote akichukua sarafu ya mia mbili akaanza kugonga kuanzia dirisha la sebule kwenda kwenye kona ya jiko, hatapiga hatua tatu kabla mlio haujabadilika. Palipo pazima panajibu kwa mlio mzito, mfupi. Kwingine panalia kitupu, maana lipu imeachia tofali na imebaki inajishikilia yenyewe tu. Chini ya dirisha hilo kipande cha ukubwa wa sinia kimeshaanguka. Nimekihifadhi. Ukikisugua kwa kidole gumba kinatoa mchanga, na mchanga huo una vipande vya makombe ya baharini. Niliweka kidogo ulimini: ni chumvi.

Mkataba wetu unasema mchanga wa mto, uliochekechwa. Watu wa pwani hatuhitaji maabara kujua tofauti. Chumvi ya mchanga wa bahari hunyonya unyevu wa hewani, ukuta haukauki vizuri, na baada ya muda unatoka unga mweupe juu ya lipu. Unga huo sasa ninao kwenye korido na kwenye chumba cha watoto, futi mbili kutoka sakafuni. Fundi rangi alikuja, akaupangusa kwa mkono, akanionyesha kiganja, akaniambia hapaki rangi yake hapo kwa sababu itavimba na lawama zitakuwa zake. Nilimwelewa. Kwa hiyo kazi ya rangi nayo imesimama.

Liko pia suala la nguzo na linta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya madirisha. Zege la linta lilikuwa laini, limetoka kwenye mbao za fomu likiwa linateleza. Sehemu kama hiyo hutinduliwa kwanza ili iwe na makwaruzo ya kushika lipu, na pale zege linapokutana na tofali huwekwa wavu wa kuku, maana vitu hivyo viwili havitanuki wala kusinyaa sawa. Wavu upo kwenye ankara yenu. Ukutani haupo. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu ufa umepita mstari ulionyooka juu ya kila dirisha, mahali ambapo linta inaishia na tofali inaanza, na pale juu ya dirisha la jiko lipu imefunguka kiasi cha kuona ndani. Kuna zege, kuna tofali, wavu hakuna.

Msimamizi wenu ana jibu moja kwa yote haya: mvua. Aliniandikia kwamba dhamana ya miezi 12 iliyo kwenye mkataba haihusu majanga ya asili, na kwamba kimbunga Hidaya ndicho kilicholowanisha ukuta. Hidaya kilifika pwani yetu tarehe 4 Mei. Picha za nyufa za ukuta wa magharibi nilimtumia mwenyewe tarehe 27 Machi, zimo kwenye simu yake na alizijibu kwa kidole gumba. Isitoshe, korido yangu haijawahi kunyeshewa. Na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alipigiwa lipu na fundi wa mtaani mwezi huohuo wa Februari, akapata mvua ileile na upepo uleule, na lipu yake haina hata mchirizi. Mvua ya Kibada haichagui nyumba.

Kilichoua lipu hii ni jua la Februari pamoja na kukosa maji. Ukuta wa tofali za saruji uliokauka hufyonza maji ya lipu kabla saruji haijashika, ndiyo maana hulowanishwa kwanza. Wenu walianza bila kulowanisha. Baada ya lipu kukauka juu juu, inatakiwa imwagiliwe kwa siku saba hivi, asubuhi na jioni, hasa upande wa jua. Maji yalikuwepo, tangi langu la lita 2,000 lilikuwa limejaa na mpira umelazwa pale pale. Hakuna aliyeugusa hadi nilipoanza kumwagilia mimi mwenyewe, na wakati huo upande wa magharibi ulikuwa umeshapata nyufa ndogo ndogo zilizosambaa ukuta mzima. Halafu mchanganyiko wenyewe ulikuwa unakorogwa asubuhi lundo zima, chini, kwenye udongo, na mchana baada ya chakula unarudishiwa maji ili ulainike upya. Saruji ikishaanza kushika, kuirudishia maji ni kujidanganya. Inalainika kwa mwiko, ila nguvu haina.

Sasa nifike kwenye hesabu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike barua badala ya kupiga simu.

Eneo lililopigwa lipu, kwa vipimo vyenu wenyewe, ni mita za mraba 320. Unene kwenye mkataba ni milimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 4.8 za lipu iliyokwisha kulowa; mchanga na saruji vikiwa vikavu huchukua nafasi zaidi, tuseme kwa asilimia 30, tunapata kama 6.2. Uwiano tuliokubaliana ni saruji moja kwa mchanga tano, kwa hiyo saruji ni sehemu moja kati ya sita: zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo. Mfuko wa kilo 50 una takribani lita 35. Ukigawanya unapata mifuko 30. Ongeza inayomwagika na kupotea, iwe 33 au 34. Ankara yenu imeandika mifuko 52.

Daftari la mlinzi wangu, ambalo kila gari linaloingia hulisaini, linaonyesha mifuko 34 iliyoshushwa. Sahihi ya dereva wenu ipo kwenye kila mstari. Tofauti ni mifuko 18, kwa bei yenu ya shilingi 16,000 ni 288,000, na pamoja na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inakuwa 339,840. Sijui mifuko hiyo ilipigwa lipu kwenye nyumba ya nani.

Hata hiyo 34 haikuingia yote ukutani. Mfuko mmoja kwa uwiano wa moja kwa tano unahitaji ndoo tisa hivi za lita 20 za mchanga. Saidia fundi walikuwa wanahesabu ndoo kwa sauti, kama wanavyofanya, na mimi nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele: walikuwa wanafika 18. Hiyo ni moja kwa kumi. Kwa mchanganyiko huo nyumba nzima inamalizika kwa mifuko isiyofika 20. Nilipomuuliza fundi, alijibu bila kuficha: “Mama, mimi asubuhi napewa mifuko yangu ya siku. Nikiomba mwingine naambiwa ongeza mchanga.”

Fundi huyo simlalamikii, na naomba hilo lieleweke. Mkono wake unajua kazi. Chumba cha mbele alichopiga siku za mwanzo, kabla hajaanza kubaniwa saruji, kimenyooka, kona zake ni kali, timazi inashuka bila kuyumba, na hadi leo hakuna ufa. Huyo huyo, kwa mwiko uleule, ndiye aliyepiga ukuta wa jiko ambao umelala nje kiasi kwamba kabati la fundi seremala limeacha mwanya nyuma yake unaoingia vidole viwili. Nasikia mmemwambia gharama za marekebisho zitakatwa kwenye ujira wake, na kwamba bado anadai malipo ya wiki ya mwisho. Kama ni kweli, mnamtwisha mtu wa chini mzigo ambao si wake.

Nilipokuwa natafuta wa kunipigia lipu, fundi wa mtaani aliyemfanyia jirani alitaka shilingi 3,500 kwa mita ya mraba, mimi ninunue vifaa. Ninyi mlitaka 4,500, na vifaa mlete ninyi na kuviweka kwenye ankara. Ofisa wenu wa mauzo alinieleza kwamba ile elfu moja ya ziada ni ya usimamizi: kuna mtu atakayepima mchanganyiko, atakayekagua mchanga kabla haujashushwa, atakayeshika pimamaji. Maneno hayo yamo hata kwenye karatasi yenu ya bei, sehemu ya tatu. Nilikubali. Nyumba hii naijenga kwa kiinua mgongo, na nilitaka mtu wa kuwajibika mwenye ofisi na mlango ambao naweza kuugonga. Kwa mita 320 nimekadiriwa shilingi 320,000 za usimamizi, na huyo msimamizi alikuwa anakuja na pikipiki, haizimi, anauliza “mmefikia wapi,” anaondoka. Fundi na mimi tulikuwa tunamwona zaidi siku za kuhesabu mifuko.

Kuna jambo dogo kwa ukubwa lakini si dogo kwa sheria. Ankara ina VAT ya asilimia 18, shilingi 473,760. Nimeshalipa asilimia 70 ya jumla yote, yaani 2,174,032, VAT ikiwa ndani yake, na nilichopewa ni stakabadhi ya kuandikwa kwa kalamu. Risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, nimeiomba ofisini kwenu, nikaambiwa mashine ni mbovu. Kodi mkiipokea kwangu, risiti ni haki yangu na si hisani.

Ninachotaka ni hiki. Umtume mtu mwingine, mhandisi au fundi mkuu asiyehusika na eneo hili, aje na nyundo ndogo na chaki. Tutapita naye ukuta kwa ukuta, kila panapolia kitupu panachorwa, tunapiga picha, tunasaini wote wawili. Palipochorwa patinduliwe hadi kwenye tofali na kupigwa upya kwa gharama zenu: mchanga wa mto ambao nitauona kabla haujashushwa, wavu wa kuku kwenye maungio yote ya zege na tofali, ndoo tisa kwa mfuko, na kukoroga kiasi kinachoisha ndani ya saa moja. Maji natoa mimi. Kuta za korido na chumba cha watoto zenye chumvi zitinduliwe zote, maana kuziba viraka juu ya mchanga wa bahari ni kunirudisha hapa hapa mwakani. Ukuta wa jiko unyooshwe au mlipe gharama ya fundi seremala kurekebisha kabati.

Ankara isahihishwe kwa mifuko 18 ambayo haikufika na kwa wavu ambao haukuwekwa. Risiti ya EFD ya fedha niliyokwisha kulipa itolewe. Na fundi alipwe wiki yake bila makato, tena nataka yeye ndiye arudi kufanya kazi hiyo, safari hii akiwa na saruji ya kutosha.

Hayo yakikamilika, salio litakalobaki baada ya masahihisho nitalilipa siku hiyohiyo kwa benki. Sina nia ya kudhulumu mtu.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kumlinda mlaji, na nitaandika pia Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa kuwa karatasi zenu zinajitaja kuwa za mkandarasi aliyesajiliwa. Suala la fidia nitalidai mahakamani chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Nimekwisha kuzungumza na wakili kuhusu hilo.

Nimeambatanisha nakala ya mkataba, ankara, stakabadhi, kurasa za daftari la mlinzi na picha zenye tarehe. Kipande cha lipu kilichoanguka sikukituma. Kipo kwenye kiroba barazani, mtu wenu atakiona atakapofika. Napatikana nyumbani kila siku isipokuwa Ijumaa mchana.

Wako,

Mteja, nyumba ya Kibada