Mashine ya boti imegoma kuwaka? Usikimbilie kununua CDI

Wateja wetu wengi wa Matema, Ngonga na Itungi wanapoleta mashine ya boti hapa Kyela, huwa wameshaipa jina la ugonjwa: "Fundi, CDI imekufa." Kuna siku huwa kweli. Mara nyingi si kweli, na CDI, yaani kisanduku cha kielektroniki kinachotuma umeme wa cheche kwenye koili, ni spea ya bei ambayo ukishaifunga duka halirudishi hela. Kwa hizi mashine za tu-stroku (zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili) za zamani, sisi huanza na vitu vya bei ndogo.

Vuta kamba mara kadhaa, kisha fungua plagi. Ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika, kwa hiyo shuku umeme. Ikitoka kavu, nenda kwenye kabureta na pampu ya mafuta.

Iliyolowa ifute, irudishe kwenye kofia yake, funga chuma chake kwa waya kwenye bloku (mwili wa mashine), mbali na tundu ulikoitoa maana pale hutoka mvuke wa petroli. Mtu avute kamba. Usiishike mkononi, na usiiache ikining'inia hewani. Umeme ukikosa njia, CDI au koili (inayokuza umeme wa plagi) iliyokuwa nzima unaweza kuiua wewe mwenyewe. Cheche ya buluu inayolia "ta!" ni nzuri. Ya njano na nyembamba, cheche hiyo haitafaa kitu plagi ikirudi ndani kwenye mgandamizo. Fanyia kivulini, kwa sababu kwenye jua la ufukweni hata cheche nzima huioni.

Cheche haipo kabisa? Kwanza swichi ya kuzimia. Klipu ya kamba ya usalama hupotea, watu wanapachika kipande cha kandambili, kinalegea, mashine inagoma. Na kwa mvua za Kyela, maji huingia ndani ya swichi yenyewe. Chomoa waya wa swichi hiyo chini ya kava, kisha pima tena. Cheche ikitokea, CDI yako ni nzima, badilisha swichi. Ila usiingie ziwani hivyo hivyo: mashine isiyo na swichi ukidondoka majini inaendelea na safari yake bila wewe.

Baadaye angalia ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bloku kupitia bolti zinazoshika koili na CDI. Maji ya Nyasa hayana chumvi, lakini mashine nyingi za mtumba zimetoka pwani na zimekuja na kutu yao. Msasa kidogo, bolti ikazwe, kesi nyingine huishia hapo. Plagi nayo isomwe namba yote: B7HS-10 si sawa na B7HS, hiyo 10 ya mwisho ni nafasi ya milimita 1.0 kati ya ncha za plagi.

Ugonjwa unaochosha mafundi ni wa mashine inayowaka vizuri asubuhi, ikafika katikati ya safari ya Lupingu ikazima, ikipoa inawaka tena. Koili iliyochoka hufanya hivyo, joto likipanda umeme unavuja. Lakini tundu la hewa la mfuniko wa tanki likiwa limefungwa, nalo hufanya hivyo hivyo, na hapo ndipo watu hununua koili bure. Sikiliza inavyozima. Umeme ukikatika, inazima ghafla kama umebonyeza swichi. Mafuta yakikosa, inalegea, inakohoa, ndipo inazima. Legeza mfuniko: ukisikia hewa ikivutwa ndani, shida ni tanki. Kama si tanki, tuletee. Koili tunaipima kwa mita ikiwa baridi, kisha ikiwa ya moto.

Mashine za zamani zaidi zenye pointi (swichi ndogo ya kukata umeme wa cheche) chini ya flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, tafadhali msizifungue kwa nyundo. Sumaku hupasuka na nyuzi za shafti huharibika, na hapo gharama inapita ya pointi mara nyingi. Tuna kifaa cha kuvutia flaiwili, kazi yake haichukui muda.

Ukija, njoo na mashine pamoja na tanki lake, mpira wa mafuta, kamba ya usalama na plagi ulizotoa. Plagi usizisafishe, tunataka kuona rangi yake.