Vijana wangu mlioacha dini, msiharakishe kuuza, kuoa wala kuhama

Vijana wangu wa Tororo, Busia, Mbale, na nyinyi mliokimbilia Kampala, mlioacha kanisa na mlioacha msikiti, nawasalimu wote.

Tangu tukae pamoja mara ya mwisho mmenifuata na maswali mengi na nimeona kitu kimoja, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama Mungu yupo, hilo kila mtu ameshamalizana nalo kivyake. Mnauliza mambo ya maisha. Nioe nani, wazazi niwaambie lini, hii kazi ya shule ya kanisa niiache au nikae nayo, nikifa nani atanizika. Hayo ndiyo yananitoa usingizi hata mimi kwa ajili yenu, na kwa mdomo sikuyamaliza, ndio maana naandika.

Wengine hamnijui vizuri. Mimi ni mzee wa reli, kusali niliacha kitambo, mama watoto wangu anasali mpaka leo na tunaishi nyumba moja kwa heshima. Nimekuwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, miaka mingi, kwa hiyo agrimenti za kuuza viwanja, barua za watu wanaoenda kuoana, ugomvi wa mirathi, vyote vimepita mezani kwangu. Nasema yale niliyoyaona yakipita hapo.

Kitu nataka mkielewe kwanza ni hiki. Dini ilikuwa inafanya kazi nyingi ndani ya maisha yenu ambazo hamkuziona kama kazi. Mlokole akitaka kuoa anapeleka jina kwa pasta, kamati inakaa, wamama wa kanisa wanaulizia yule binti ametoka wapi na kama ana mtoto nyumbani, wanatumwa wote wawili kupima HIV kabla ya tarehe kupangwa. Mkatoliki jina lake linasomwa kanisani ili mwenye pingamizi aseme. Mwislamu kuna wali, yaani msimamizi wa bibi harusi, kuna mahari inatajwa mbele ya mashahidi. Ukifiwa, kabla hujafuta machozi watu wa jumuiya wameshaleta posho na kuni. Sasa wewe umetoka, umeitoa imani kichwani, sawa, lakini hizo kazi zote zimebaki zimekaa hapo na hakuna wa kuzifanya, na hii ndio inaangusha vijana, sio laana kama mnavyoambiwa huko nyuma ati "amerudi nyuma ndio maana mambo yake yameharibika". Hapana. Mambo yanaharibika kwa sababu hakuna aliyeuliza, hakuna aliyepima, hakuna aliyeshuhudia. Kwa hiyo kabla hujaamua jambo kubwa jiulize: kanisa au msikiti ungenifanyia nini hapa, na sasa nani atakifanya?

Halafu mpeane muda. Mwaka wa kwanza baada ya kutoka, mimi nawaomba msiuze ardhi, msioane, msiache kazi, msipande ndege kwenda Dubai. Najua mwaka ni mrefu ukiwa kijana na damu inachemka, lakini mtu aliyetoka kwenye dini jana ana hasira na ana hofu, hasira inakuja mchana akikumbuka pesa na miaka aliyotoa, hofu inakuja usiku akikumbuka moto wa jehanamu aliofundishwa akiwa mtoto, na yote mawili yanamsukuma afanye kitu kikubwa haraka ili yapoe.

Mnakumbuka Kanungu, au mmesimuliwa. Watu wa Kibwetere, kiongozi wa dhehebu la huko, waliambiwa dunia inaisha tarehe 31 Desemba 1999, wakauza walivyonavyo wakapeleka kwa viongozi, dunia ikaendelea, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya ile nyumba ya maombi. Mnasema sisi hatuwezi kuwa hivyo sababu tumefungua macho. Mimi naangalia ile sehemu ya kuuza. Aliyeuza shamba kwa sababu pasta alisema, na anayeuza shamba kwa sababu amechukia kijiji kizima chenye pasta, mbele ya mnunuzi wako sawa, wote wanapokea bei ya mtu mwenye haraka. Nimewaona. Na kama una mke au mume na hiyo ardhi ndiyo mnaishi na kula juu yake, sheria ya ardhi ya 1998 inataka mwenzako akubali, mimi nilikuwa sipigi stempu kama mama hajaja akasema mwenyewe.

Na mwangalie sana watu wanaowapokea mkitoka. Kijana aliyezoea kutoa, kupanda mbegu, kusikiliza mtu mmoja mwenye maiki, akitoka anabaki na njaa ya mtu wa kumwambia afanye nini. Ndio hapo wenye biashara za mnyororo wanampata, lete milioni uvune milioni tatu, lugha ni ileile ya madhabahu. Kampala 2019 kuna kampuni ya sarafu za mtandaoni ilifunga milango na watu wakabaki wanalia nje. Lile fungu la kumi lako ambalo hulipeleki tena, liweke SACCO mwezi huohuo, usiache likae kwenye simu, mobail mani haikai.

Kuna wale ambao siwaambii wasubiri. Kama nyumbani unapigwa kwa sababu umekataa kusali, au wewe binti wanataka kukuoza kwa nguvu ati ndoa itakurudisha kwenye njia, ondoka leo. Katiba ya 1995 kifungu cha 31 inataka miaka 18 na inataka wote wawili wakubali kwa hiari yao, mzazi hawezi kukubali kwa niaba yako. Polisi wana dawati la mambo ya watoto na familia, nenda na shangazi au mtu mzima unayemwamini, na ukipata LC1 anayekurudisha kwa baba yako bila kukusikiliza, mpite, nenda juu yake. Kifungu cha 29 kinakupa haki ya kuamini na ya kutoamini, na cha 7 kinasema nchi hii haina dini ya serikali. Hayo mkariri kama mlivyokariri mistari.

Kuwaambia wazazi. Wengi wenu mnaona kunyamaza ni unafiki. Mwanangu uko mwaka wa pili yunivasiti, fizi inalipwa na baba ambaye ni shehe au mzee wa kanisa, unataka kutangaza ili ulale vizuri, halafu muhula unaokuja utalipa na nini? Kunyamaza sio kudanganya. Maliza shule, uwe na chumba unacholipa mwenyewe, ndipo uende ukae na mama jikoni, mama kwanza, umwambie wewe na asisikie kwa jirani. Usimwambie siku ya Krismasi wala Idi wala mbele ya wageni. Na usiende na hoja za kumshinda. Mama hajui hoja, anachoogopa ni kwamba mtaachana akhera na kwamba wenzake kanisani watamcheka, hofu hizo ni mbili na ya pili ndiyo unaweza kumsaidia, umheshimu mbele ya watu wake, akiomba kabla ya chakula unatulia mpaka aseme amina.

Sasa kuoa na kuolewa, hapa ndipo nimeona machozi mengi.

Kwanza, kukaa pamoja sio ndoa. Vijana mnatoka kanisani mnasema karatasi ni mambo ya wazungu na mapadri, sisi tunapendana inatosha, mnakaa miaka kumi mna watoto watatu. Kwa sheria ya Uganda hata mkikaa ishirini hiyo sio ndoa. Siku mwanaume akifa bila wosia, sheria ya mirathi iliyorekebishwa 2022 inampa mjane asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1, lakini mjane ni yule wa ndoa, na wewe ndugu zake watakuuliza ulifunga wapi. Nimesimama kwenye kikao cha namna hiyo, mama amejenga ile nyumba kwa mikono yake na hana cha kuonyesha.

Ndoa bila dini ipo, tena ya zamani kabisa. Mnaenda kwa msajili, Kampala ni URSB, ofisi ya serikali ya usajili, wilayani ni ofisi ya CAO, yule mtendaji mkuu wa wilaya, mnatoa notisi, inabandikwa siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze, mnakuwa na barua za LC1, vitambulisho, kiapo kwamba hamjaoa wala kuolewa, mashahidi wawili, basi. Hakuna anayeuliza unasali wapi. Au kama mmefanya ya kimila, mmepeleka mahari na wazee wamekula, nendeni kwenye sub-county mkaisajili ndani ya miezi sita, wengi wanaacha hii hatua sababu nyama imeshaliwa na watu wameshacheza. Na hiyo ya kimila msiidharau, wazazi ambao hawatakanyaga ofisi ya CAO watakuja kwenye introdakshoni, ile sherehe ya kutambulishana kwa wazazi, wamevaa vizuri na watakubariki kwa lugha yao.

Halafu wewe uliyefunga ndoa kanisani huko nyuma, sikia vizuri. Kutoka kanisani hakukutoi kwenye ndoa. Padri au pasta mwenye leseni aliwafungisha na ndoa ile inahesabika serikalini, ni ya mke mmoja mume mmoja, mpaka korti ivunje. Ukienda kuoa mwingine kwa vile "ile ilikuwa mambo ya dini" unatenda kosa la jinai.

Kupima, hakuna kamati sasa ya kukutuma, jitume. HIV wote wawili siku moja, majibu mfungue pamoja, na seli mundu pia, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, huku mashariki na kule kaskazini ugonjwa huu upo sana na watu wanagundua mtoto wa pili ameshaanza kulia mifupa.

Na ukipenda mtu anayesali, mlokole kabisa wa kukesha ijumaa? Inawezekana, mimi ni shahidi. Lakini muongee kabla, yaani muongee mpaka mchoke: mtoto atabatizwa au hapana, atapewa jina gani, fungu la kumi linatoka kwenye mshahara wa nani, pasta anaingia nyumbani wakati gani, mmoja akiugua tunaanza hospitali au maombi. Hiyo ya hospitali msikubali ibaki hewani. Na asiseme moyoni atakubadilisha, na wewe usiseme moyoni utamtoa, anayeoa kwa mpango wa kumgeuza mwenzake ameoa mtu ambaye hayupo.

Shule za watoto nitapita haraka. Shule nyingi nzuri zilianzishwa na misheni na hata zikiwa zinasaidiwa na serikali kanisa bado lina neno. Kasese kuna shule za wahumanisti, watu wanaofuata utu bila dini, lakini sio kila mtu yuko Kasese. Kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, karatasi ya SST, yaani maarifa ya jamii, ina maswali ya dini, unachagua Ukristo au Uislamu, hakuna ya tatu. Mwache mtoto asome apate maksi, jioni mzungumze. Kazi ni hivyohivyo, sheria ya ajira ya 2006 inakataza kukubagua kwa dini, ila usiandike barua ya kuacha kwa hasira, tafuta kwanza nyingine, uhame ukiwa unalipwa.

Neno kidogo kuhusu pombe, sababu mliookoka mkiwa watoto hamjawahi kuizoea. Sikatazi malwa, mimi nakaa kwenye chungu na wazee wenzangu. Ila agrimenti isisainiwe pale, na mchumba asichaguliwe pale.

Mwisho ni kuzikwa, na msiseme sisi ni vijana. Sensa ya 2014 waliosema hawana dini walikuwa kama wawili kwa kila watu elfu, kwa hiyo kijijini kwenu pengine uko peke yako, na kijiji ndicho kinazika. Kijiji kitakusamehe kutokuonekana kanisani, kutokuonekana msibani hakitakusamehe. Nenda kwenye kila msiba, chimba kaburi, beba maji, toa mabugo, ule mchango wa rambirambi, wakisali kaa nje na wazee chini ya mti, wakimaliza simama mshike sepetu. Ingia munno mukabi au kikundi chochote cha kuzikana na ulipe mchango bila kukosa, huko hawaulizi imani wanauliza daftari.

Andika wosia. Mashahidi wawili wakuone unasaini na wao wasaini, na wasiwe watu uliowagawia kitu, sababu aliyeshuhudia anaweza kukosa alichoandikiwa. Andika pia unataka kuzikwa vipi, lakini msitegemee karatasi peke yake, mara nyingi inafunguliwa mmeshafukiwa, waambieni kaka na dada mkiwa hai. Mimi nimewaambia wangu hakuna ibada ila mama yao akitaka kusali juu ya jeneza wamwache asali, mimi ni mume wake, ana haki ya kuniaga anavyojua. Wengine wenu mtaona huo ni udhaifu, mimi sioni.

Mwenye wosia alioanza kuandika aje nao jumamosi tuusome pamoja, nina nakala ya wangu mnaweza kuangalia ulivyopangwa. Wale wawili mnaotaka kwenda kwa CAO, barua ya LC1 mchukue sasa kabla ya mvua kuharibu barabara. Na mwenye agrimenti ya kiwanja asiyoielewa aje nayo kabla hajasaini.

Mimi mzee wenu, Tororo.