Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Sheria kwa Mgeni Rasmi katika Kumbukumbu ya Wakili Sol Linowitz

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Wakili Msomi,
Mkuu wa Kitivo,
Wahadhiri wetu,
Wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuziacha shughuli zako za mahakamani na kuja kuketi nasi alasiri hii. Kila mwaka klabu yetu humchagua wakili mmoja aliyekwisha kufariki, tukayasoma maisha yake kwa muhula mzima, kisha tukamkumbuka hadharani. Mwaka huu tumemchagua Sol Linowitz, Myahudi wa Marekani, aliyezaliwa Trenton katika jimbo la New Jersey tarehe 7 Desemba 1913 na kufariki Washington tarehe 18 Machi 2005. Wapo waliotuuliza kwa nini tumekwenda mbali kiasi hicho. Jibu letu liko nje ya lango la chuo, kwenye vibanda vya fotokopi, na tutalifikia punde.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Linowitz alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi waliotoka Poland. Alisoma katika Chuo cha Hamilton, ambako Wayahudi walikuwa wachache, na huko ndiko alikokuwa akienda kumsomea vitabu mzee Elihu Root, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1912. Siku moja mzee alimuuliza anataka kuwa nani, naye akajibu kwamba moyo wake umegawanyika kati ya urabi, yaani uongozi wa dini ya Kiyahudi, na uwakili. Root akamshauri achague uwakili, kwa kuwa wakili anahitaji dini maradufu kuliko kasisi au rabi. Kijana alilishika neno hilo, akaenda kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Cornell, akahitimu mwaka 1938.

Mwaka huohuo, tarehe 22 Oktoba, katika chumba kidogo mtaani Astoria jijini New York, mvumbuzi Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walikisugua kibati cha zinki kilichopakwa salfa kwa leso ya pamba, wakaweka juu yake kioo kilichoandikwa kwa wino na kukimulika kwa taa, wakakiondoa kioo na kunyunyiza ungaunga juu ya kibati, kisha wakaubandua kwa karatasi yenye nta. Maandishi yakahamia kwenye karatasi: tarehe ya siku hiyo na neno Astoria. Carlson alikuwa mfanyakazi wa idara ya hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi, aliyechoka kunakili nyaraka kwa mkono. Kampuni zaidi ya 20 zilimkataa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Joseph Wilson wa kampuni ndogo ya Haloid mjini Rochester aliona mbali, akamwomba rafiki yake Linowitz ashughulikie leseni ya ugunduzi huo. Kazi iliyoanza kama mkataba mmoja ikawa miaka mingi ya hataza, majadiliano na ubia. Linowitz alishiriki mazungumzo yaliyozaa Rank Xerox mwaka 1956, ubia wa Haloid na kampuni ya Rank ya Uingereza, ambao ndio uliozipeleka mashine za fotokopi Ulaya na Afrika. Mwaka 1959 ikatoka mashine ya 914, yenye uzito wa karibu kilo 300, ambayo ofisi ziliikodi kwa dola 95 kwa mwezi badala ya kuinunua kwa bei ambayo wengi wasingeimudu. Kwa hiyo, tunaposimama kibandani tukiutazama mwanga unaopita chini ya kifuniko na kupokea karatasi ingali na uvuguvugu, kalamu ya wakili huyu imo humo.

Haloid ilipokuwa Xerox, yeye akafikia kuwa mwenyekiti wa bodi. Katika miaka hiyo kampuni ilitoa dola milioni 4 kugharimia filamu za televisheni kuhusu Umoja wa Mataifa. Maelfu ya barua za kupinga yalimiminika, nyingi zikitoka kwa watu walewale walioandika zaidi ya mara moja, lakini kampuni haikurudi nyuma. Kisha, mwaka 1966, utajiri ukiwa umekwisha kumfikia na biashara ikiwa inapaa, aliondoka akawa balozi wa nchi yake katika Jumuiya ya Nchi za Amerika. Kwa maoni yetu, kuondoka huko kunamweleza mtu huyu kuliko mafanikio yake yote ya biashara.

Tumeisoma zaidi kazi yake ya Panama, kwa sababu inawahusu pia wanafunzi. Mkataba wa mwaka 1903, ambao hakuna Mpanama aliyeutia saini, uliipa Marekani ukanda wa Mfereji wa Panama, njia ya meli kati ya bahari za Atlantiki na Pasifiki, kuutawala milele. Januari 1964 wanafunzi wa Panama walikwenda kupandisha bendera ya nchi yao ndani ya ukanda huo, na katika ghasia zilizofuata watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Mwaka 1977 Rais Carter alimteua Linowitz aongoze majadiliano pamoja na mwanadiplomasia mkongwe Ellsworth Bunker, kwa muda wa miezi sita tu. Wakosoaji walipohoji nafasi yake katika bodi ya benki iliyokuwa imeikopesha Panama, alijiuzulu katika bodi hiyo. Muda wake uliisha tarehe 10 Agosti, na siku hiyohiyo makubaliano ya kuukabidhi Mfereji kwa Panama yakatangazwa. Baraza la Seneti la Marekani liliidhinisha mikataba miwili iliyotokana nayo mwaka 1978 kwa kura 68 dhidi ya 32, yaani kura moja tu juu ya idadi iliyotakiwa. Mfereji ulikabidhiwa kwa Panama tarehe 31 Desemba 1999, Linowitz angali hai.

Aliongoza pia tume ya rais kuhusu njaa duniani, na kuanzia mwaka 1979 alisimamia mazungumzo ya Misri na Israeli kuhusu mamlaka ya ndani ya Wapalestina, ambayo hayakufikia mwafaka. Mwaka 1998 alitunukiwa Nishani ya Rais ya Uhuru. Lakini uzeeni kilichomuuma zaidi ni hali ya uwakili wenyewe. Mwaka 1994 aliandika kwamba mawakili wameigeuza taaluma kuwa biashara, wakasahau kumshauri mteja kwa ukweli na kumtumikia asiye na fedha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maneno hayo yalitugusa, nasi tumefungua dawati la msaada wa kisheria kila Jumamosi, chini ya usimamizi wa wahadhiri wetu. Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja, akafungua pindo la khanga na kutoa karatasi ya mauziano ya kiwanja, iliyokunjwa hata mikunjo yake imechanika. Hakuthubutu kutuachia ile ya asili, nasi hatukuwa na mashine ya kuitolea nakala, na vibanda vya nje vilikuwa vimefungwa. Aliikunja tena akaondoka nayo, na hadi leo hajarudi.

Kwa hiyo tuna maombi mawili. La kwanza, utushawishie mawakili wenzako wawe wanakuja kwa zamu, japo mmoja kwa mwezi, kuketi nasi katika dawati hilo. La pili, utusaidie kupata mashine moja ya fotokopi, hata iliyokwisha kutumika.

Tunaomba kuwasilisha.