Barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda wa kijiwe chetu, Makambako

Wanangu,

Kila alfajiri nawaona mmejikunyata juu ya pikipiki, baridi ya Makambako imewakaza vidole, mnasubiri chai. Naona pia sukari mnayotia: vijiko vinne, wengine vitano, na chapati mbili za kusindikizia. Ikifika saa nne mtu anapiga miayo, anakimbilia dukani kuchukua enaji. Mchana soda, usiku chipsi. Njia hiyo naijua, nimeipita.

Miaka mingi niliendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Chakula changu kilikuwa soda na mkate mweupe, mkono mmoja kwenye usukani. Nikaanza kuchoka, nikasema ni safari. Kiu haikatiki, na kila baada ya kilomita chache nasimamisha gari nikojoe. Aliyeshtuka ni mama yenu: alikuta sisimizi wamejaa chooni pale nilipokojoa. Nilipopimwa kabla sijala, sukari ilisoma 15, na mtu huhesabiwa ana kisukari kuanzia 7.

Nyuma ya tumbo lako kuna kongosho. Ndilo linalotoa insulini, homoni inayoifungulia sukari mlango iingie kwenye misuli iwe nguvu. Chai ya vijiko vitano na chapati ya ngano nyeupe huingia damuni kwa mkupuo, na kongosho hujibu kwa mkupuo. Sukari ikishuka unalegea, unatafuta kitamu kingine. Endelea hivyo miaka, kitambi nacho kiote, mwili unaanza kutoisikia insulini. Sukari inazagaa kwenye damu huku misuli ina njaa. Ndiyo maana mtu ameshiba na bado hana nguvu.

Enaji nayo ni sukari na kafeini. Kafeini inakuficha tu uchovu wako. Ukiinywa jioni, saa tano baadaye karibu nusu yake bado iko mwilini. Usiku hulali vizuri, na asiyelala vizuri homoni ya njaa humpanda, kesho yake chipsi zinamwita toka asubuhi. Soda moja ya mililita 350 ina vijiko vya chai kama tisa vya sukari. Shirika la Afya Duniani linasema mtu akibaki chini ya sita kwa siku nzima ndiyo bora.

Siwaambii muache chai, baridi ya huku naijua. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Chapati ya pili iache, chukua bakuli la maharage au mayai mawili ya kuchemsha. Hivyo huyeyuka polepole na kukufikisha mchana. Maparachichi yamejaa mkoa huu mzima wa Njombe, kwa nini yaliwe na wengine tu? Na dona, najua mnaiona ni ugali wa shule za bweni. Lakini sembe imeshakobolewa, kiini na pumba vimekwenda kwa kuku, na ndimo zilimokuwa nyuzinyuzi na vitamini.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nitakuja kijiweni na kipimo changu, kila mtu na sindano yake mpya. Msinywe chai kabla sijafika. Ila anayeamka usiku mara tatu kukojoa, na kiu haimwishi, asinisubiri mimi. Kesho aende zahanati.

Mzee wenu wa malori