Duka la baiskeli si mwisho wa mwanamichezo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mwendesha baiskeli wa kulipwa aliyestaafu ilisema "ameishia" kufungua duka la baiskeli. Neno hilo limenikwama kooni. Mimi ni fundi baiskeli, na bosi wangu wa kwanza alikuwa mtu wa mbio za barabarani.

Mtazameni Andy Schleck, mwendesha baiskeli wa Luxembourg. Julai 2010, akiwa na jezi ya njano ya anayeongoza Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, alifyatuka kwenye mlima wa Port de Balès, mara cheni ikatoka. Ikabidi ashuke kuirudisha, huku mpinzani wake Alberto Contador akimpita. Siku hiyo alipoteza sekunde 39, na mbio zilipoishia Paris, Contador alimshinda kwa sekunde 39 zilezile. (Ushindi alikuja kupewa mwaka 2012, Contador alipovuliwa kwa kesi ya dawa zilizokatazwa.) Mwaka 2014, akiwa na miaka 29, goti lilimlazimisha kuacha. Baadaye akafungua duka la baiskeli huko kwao. Nani mwingine angejua kuliko yeye gharama ya cheni isiyokaa sawa?

Bosi wangu alikuwa akizungusha pedali kinyumenyume, macho kafumba, anasikiliza, kisha anataja beringi iliyokauka kabla sijashika spana. Mteja akilalamika mikono inakufa ganzi, hakukimbilia kumuuzia glavu. Alimpandisha kwenye baiskeli yake, akaona siti imeinama mbele na uzito wote umelalia mikono, akailegeza na kuilaza sawa. Ujuzi huo ameutoa barabarani, miaka na miaka juu ya siti.

Hesabu ndizo zilizomtesa. Kwenye timu, baiskeli aliikuta imeoshwa na tairi zimejazwa. Bei ya jumla hakuwahi kuiona. Alijaza stoo baiskeli za msimu uliokuwa unakwisha, na kila shabiki aliyekuja kupiga naye picha aliondoka na punguzo. Nusura tufunge.

Hapo ndipo ningependa mwandishi wenu achimbe. Amrudie yule mstaafu amuulize: mtaji aliupata wapi, nani alimfundisha kusoma daftari la mauzo, na timu yake ilimpa hata siku moja ya kukaa na mafundi kabla hajaondoka?

Fundi baiskeli, msomaji wenu