Barua kwa Salim kuhusu Fist of Fury

Tanga, 9 Juni

Ndugu yangu Salim,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba hapo Mombasa nyote mu wazima; huku nasi hatujambo. Umeniuliza kama kuna maana yoyote kwa mtu mzima kutoa fedha kununua diski ya Fist of Fury iliyosafishwa upya, filamu ya ngumi ya Bruce Lee ambayo mimi na wewe tuliijua kwa moyo tangu enzi za mikanda ya video, na ukaongeza kwamba picha ya zamani ikisuguliwa mno hupoteza utamu wake. Nimekawia kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza niitazame kwa utulivu. Jibu langu ni kwamba maana ipo, ila haimo katika ung'avu wa picha, kama ulivyodhani.

Kilichorudi hasa ni upana. Mwongozaji Lo Wei aliitengeneza filamu hii Hong Kong kwa kampuni ya Golden Harvest ya Raymond Chow, ikatoka mwaka 1972, na ilipigwa kwa ajili ya kiwambo kipana cha sinema, ambacho upana wake unazidi mara mbili ya kimo chake. Televisheni za wakati wetu zilikuwa karibu mraba, kwa hiyo waliotayarisha mikanda waliikata picha kushoto na kulia wakatubakizia sehemu ya katikati, na bila shaka unajua ni nani aliyekuwa akisimama katikati. Karibu nusu ya kila picha ilikuwa inatupwa. Ndiyo sababu tulikua tukiamini kwamba hii ni hadithi ya steringi mmoja aliyesimama peke yake dhidi ya dunia nzima, wakati wenzake walikuwapo siku zote, pembeni, katika sehemu tusizopewa kuziona.

Chukua lile tukio la ukumbi wa maombolezo. Unakumbuka kwamba Chen Zhen, anayeigizwa na Bruce Lee, anarudi Shanghai akiwa amevaa nguo nyeupe, mvua inanyesha, anamkuta mwalimu wake Huo Yuanjia ameshafariki, na kaburini anajirusha juu ya jeneza kwa uchungu mpaka wanamtuliza kwa kumpiga sepetu ya kichwa. Huo alikuwa mtu wa kweli. Alikufa mwaka 1910, mwaka uleule chuo chake cha ngumi cha Jingwu kilipoanzishwa, na maneno kwamba alilishwa sumu yamekuwa yakizungumzwa tangu hapo. Chen Zhen ni mtu wa kubuniwa. Basi wanafunzi wako katika matanga, picha ya marehemu imewekwa mbele, na Wajapani wa chuo cha mapigano cha Hongkou, mahasimu wao, wanaingia na mkalimani wao Wu wakileta zawadi iliyowekwa fremu yenye maandishi ya kuwaita Wachina wagonjwa wa Asia Mashariki. Katika mkanda wetu nakumbuka nyuso mbili tu, ya Wu akitabasamu kwa kejeli huku akimgusagusa Chen shavuni, na ya Chen akimeza hasira. Katika diski hii ukumbi mzima umefunguka, na unawaona wanafunzi waliojipanga huku na huku, kila mmoja akiumia kwa namna yake, na kaka yao mkubwa anayewazuia kwa sababu marehemu hakuwafundisha ngumi ili wakatafute ugomvi. Aibu ile ni ya chuo kizima. Uamuzi wa kuijibu, hata hivyo, anauchukua mtu mmoja bila kumshauri yeyote.

Nikiisha kuona hivyo, filamu yote ikanigeukia. Chen anakwenda Hongkou peke yake, anawaangusha wote, anawalisha karatasi ya matusi yao wenyewe, nasi tunapiga makofi. Kisha Wajapani wanakwenda kulipiza kwenye chuo cha Jingwu wakati yeye hayupo, na wanaoumizwa ni walewale ambao hakuwashauri. Anagundua kwamba mwalimu alitiwa sumu na mpishi wa chuo chenyewe, anaua, anajificha, anajigeuza mvuta riksho, mzee muuza magazeti, fundi wa simu, na kila hatua anayopiga mbele inalipwa na wale aliowaacha nyumbani. Mwishoni anaporudi anakuta wenzake wameuawa, miili imetapakaa ukumbini. Sijui kama Lo Wei alikusudia kuihukumu kazi ya kisasi. Yeye alikuwa mtu wa biashara, na watu walinunua tiketi ili wamwone Bruce Lee akipiga. Lakini picha aliyoipanga inayasema hayo, awe amekusudia au hakukusudia.

Pigano la Hongkou lenyewe litakufurahisha kwa jinsi lilivyo sasa. Duara la maadui linaonekana lote, kwa hiyo unajua kila pigo linatoka wapi, na zile nunchaku, vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo, alizozitumia katika filamu kwa mara ya kwanza hapa, zinapita kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine bila kukatwa. Uwazi huu una gharama yake pia. Wale watu wawili anaowakamata na kuwazungusha hewani ni midoli iliyovalishwa nguo, na sasa hakuna wa kukataa. Nilicheka peke yangu, nikawakumbuka vijana wa kibanda cha video waliokuwa tayari kuapa kwamba ni watu. Na Suzuki, mkuu wa chuo cha Hongkou, anapopigwa teke mwishoni akapasua ukuta na kutupwa bustanini, mwili unaoruka ni wa Jackie Chan, aliyekuwa wakati huo kijana asiyejulikana wa kuchezea wenzake sehemu za hatari.

Kuhusu hofu yako ya kusugua, nimeisoma kazi yenyewe inavyofanywa. Negativu ya asili, yaani ule utepe uliopita ndani ya kamera, hupigwa picha upya kwa kompyuta kwa kiwango cha 4K, chenye nukta karibu elfu nne kwa upana, kisha vumbi, mikwaruzo na mitikisiko huondolewa picha baada ya picha; kwa filamu inayozidi dakika 100, yenye picha 24 kila sekunde, hizo ni zaidi ya picha 140,000. Mafundi wa hovyo hulainisha mno hata nyuso zikawa kama nta. Walioitengeneza diski yangu hawakufanya hivyo, kwani punje za filamu bado zinaonekana, na jasho la Bruce Lee ni jasho. Lalamiko langu ni rangi, ambayo kwa jicho langu imeegemea umanjano kuliko nilivyopenda, hasa katika ngozi za watu.

Ile bustani ya umma ambayo Chen anazuiwa kuingia nayo inastahili maneno machache. Lile lango lenye kibao cha kuwakataza Wachina na mbwa lilipigwa picha Macau, na wanahistoria wanasema kibao chenye maneno hayo hasa hakikuwapo Shanghai. Kilichokuwapo ni orodha ya masharti ya bustani ya Huangpu, sharti moja likisema mahali hapo ni pa wageni wa kigeni, jingine likikataza mbwa na baiskeli, na Wachina hawakufunguliwa mpaka mwaka 1928. Filamu imeyafupisha masharti mawili kuwa tusi moja, na sioni kama imesema uongo mkubwa. Watu wa pwani waliowasikia wazee wakisimulia habari za klabu walizokuwa wakiingia kwa mlango wa jikoni hawakuhitaji maelezo pale Chen aliporuka na kukivunja kibao kwa teke.

Sitaki uidhanie filamu hii haina kasoro. Wajapani wamechorwa kwa mkaa mtupu, tafrija yao yenye mcheza ngoma anayevua nguo ni ndefu na haina faida (uwapeleke watoto kulala kwanza), na nywele za waigizaji kadhaa ni za mwaka 1972 bila kificho.

Kisha kuna ule mwisho. Lo Wei mwenyewe anaigiza mkaguzi wa polisi, na anampa Chen ahadi kwamba akijitoa, chuo kitaachwa salama. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika filamu nzima, Chen anatenda jambo kwa ajili ya wale wa pembeni. Anatoka mlangoni, anaziona bunduki, anakimbia, anaruka, na picha inasimama akiwa hewani huku risasi zikilia. Utakumbuka mabishano yetu kwamba steringi hafi, na kwamba kwa kuwa hatukumwona akianguka basi alinusurika. Ukiitazama sasa ukijua alichokwenda kukinunua kwa kifo chake, hutakuwa na hamu ya kubisha.

Mambo ya ununuzi ni haya. Kuna sanduku la kampuni ya Criterion ya Marekani lililotoka mwaka 2020, lenye filamu nyingine kubwa za Bruce Lee pia, na kampuni ya Arrow ya Uingereza ilitoa lake la 4K mwaka 2023. Angalia deki yako kabla ya kuagiza, kwa sababu diski za Blu-ray hugawanywa kwa kanda za dunia: za Criterion hufungwa kwa kanda A, na sisi Afrika tuko kanda B. Deki isiyofunguliwa isome kanda zote itakukatalia. Chagua sauti ya Kichina cha Mandarin pamoja na mkondo wake wa zamani wa spika moja. Filamu za Hong Kong za wakati ule zilipigwa bila sauti na maneno yakatiwa baadaye studioni, kwa hiyo usitafute sauti halisi ya Bruce Lee katika mazungumzo, lakini vishindo ndivyo vilivyosikika mwaka 1972, na havikuongezewa ngurumo za kisasa.

Kama unataka kuonja kabla ya kununua, shemeji yangu anakuja Mombasa kwa basi mwisho wa mwezi, nami nitampa diski yangu akuletee. Itazame yote tangu maziko, usirukie mapigano, kisha uniandikie kama nawe umemwona yule kaka mkubwa kama nilivyomwona mimi. Na tafadhali, diski irudi.

Wasalaam,

Nduguyo Mbaraka